Rimu ya Kepteni

Kwa maneno ya Bi Stamili, ndege ilikuja kichwa chini, matairi juu. Ilitokea upande wa bonde la Ruvuma mkia unawaka moto, ikapita juu ya mabati ya soko la Newala hata muuza dagaa akalalia mafungu yake yasipeperuke, ikaangukia ndege nyingine pale uwanjani, na tajiri mmoja wa korosho akarushwa dirishani na mkoba wake wa fedha ungali kwapani. Watu wanne walikufa palepale. "Na Kepteni amelala chini ya mkorosho, kofia kaifunika usoni," alisema Bi Stamili. "Rimu hakuigusa. Nimeona kwa macho yangu haya."

Macho yake hayo, siku ile ya Jumatatu, yalikuwa Kitangari kwenye arobaini ya shangazi yake. Lakini foleni ya bomba ilikuwa ndefu na maji yalitoka kwa kudondoka, basi watu walimwacha aseme. Siku ya kwanza maiti walikuwa wawili, siku ya pili watatu, na leo, siku ya tatu, ndio hao wanne.

Yuster alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo zake mbili. Kepteni alikuwa baba yake. Bi Stamili alijua kwamba yupo, akajifanya hajui, kisha alipofika mbele akageuka na kusema kwa upole, "Ah, mwanangu, kumbe upo. Baba hajambo?"

"Hajambo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mpe pole."

Yaliyotokea yalikuwa madogo kuliko hayo, na kwa udogo wake yakawa mabaya zaidi kwa nyumba ya Kepteni. Ajali kubwa watu wangesema ni ya Mungu. Ajali ndogo lazima apatikane mtu wake.

Uwanja wa ndege wa Newala ulikuwa kipande cha udongo mwekundu ulioshindiliwa, kirefu, bila kivuli, na hakuna mahali pengine pote mjini palipokausha makopa ya muhogo haraka kama pale. Kepteni Cuthbert Mchopa alipostaafu jeshi na kupewa kazi ya kuutunza, alikuta majani yamefika magotini na halmashauri haina kibarua hata mmoja. Akapatana na akina mama wa mtaa. Kila nyumba ipate kipande chake cha kuanikia muhogo, nayo ing'oe majani ya kipande hicho. Akatundika rimu ya lori kwenye nguzo karibu na kibanda chake, akawafundisha. Mapigo matatu: ndege inakuja, ondoeni mikeka. Mapigo mawili: imetua na kusimama, rudini. Hayo hayakuandikwa popote, lakini kwa miaka mitano hakuna aliyeyavunja, na watu walitania kwamba hata mbuzi wa Newala wameshajua kuhesabu mpaka tatu.

Ndege siku zote ilikuwa moja. Ilikuwa ya serikali, au ya wamisionari, labda mara moja kwa mwezi. Lakini sasa biashara ya korosho ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wameingia Masasi na Newala kama siafu, kila mmoja na ndege yake ya kukodi na haraka yake. Jumatatu ile ilitua moja saa nne asubuhi. Kepteni alipiga mapigo matatu, wanawake wakakunja mikeka, ndege ikatua, ikasimama pembeni, injini bado inaunguruma kwa sababu mnunuzi wake alikuwa anashuka tu, nayo iondoke. Kepteni akapiga mawili, kama alivyopiga miaka yote. Wanawake wakarudi kuanika.

Ya pili ikaja.

Yuster alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani. Aliiona ikiwa imeshafika usawa wa mikorosho. Akaitupa ndoo, na maji yale ya foleni ya saa tatu nzima yakamwagika njiani, akakimbilia rimu na kupiga matatu, na matatu tena. Wanawake walitawanyika. Ndege ikagusa chini, rubani akawaona wale wa mwisho wakiburuta mkeka, akakata kushoto, na ncha ya bawa lake ikapiga mkia wa ile iliyosimama. Mlio ulikuwa kama wa sufuria kuanguka jikoni. Hakuna aliyeumia. Bawa lilipinda, usukani wa mkia wa ile nyingine ukavunjika, na makopa ya nyumba mbili yakapondwa unga kabla ya siku yake.

Mnunuzi wa ndege ya pili alishuka amekasirika, akamfuata Kepteni. "Wewe mzee wa kengele," alisema mbele ya watu wote, "unalipwa kwa kazi gani hapa?"

Kepteni alikuwa anageuza kichwa huku na huku, anatafuta sauti ya injini iliko.

*

Jambo ambalo Newala haikulijua, na Yuster alilijua, ni kwamba baba yake haoni. Si kwamba alikuwa kipofu. Aliona mwanga, aliona mtu kwa umbo, aliona rangi nyekundu ya uwanja. Lakini kwa mwaka wa pili sasa ukungu mweupe ulikuwa umetanda katika macho yote mawili. Kule hospitali ya Ndanda walimwambia ni mtoto wa jicho na wakamwandikia tarehe ya kurudi, naye hakurudi, maana mtunza uwanja akifungwa bandeji, watu watauliza nani anatunza uwanja.

Basi Yuster, ambaye alimaliza darasa la saba na kubaki nyumbani, akawa macho yake. Aliamka kabla ya jua, akatazama mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo umelekea wapi, akamwambia baba. Aliandika daftari la uwanja kwa mkono wake. Akiona nukta angani alisema tu, "Baba," naye Kepteni akanyanyuka kwenda kwenye rimu kama mtu aliyeiona mwenyewe. Hawakuwahi kukaa wakapatana kwamba watafanya hivyo. Ilikuja yenyewe, kidogokidogo, kama kovu linavyokuja.

Jumatatu ile macho yalikuwa kwenye foleni ya maji.

Na maji ndiyo yaliyoishikilia ile kazi. Mshahara wa halmashauri ulikuja unapotaka, lakini kila Ijumaa lori la maji lilisimama kwenye kibanda cha uwanja na kujaza pipa moja, kwa ajili ya moto, kama ndege itashika moto. Ndege haikuwahi kushika moto. Pipa lile lilipikia, liliogesha, na Isabela, mama yake Yuster, alimgawia jirani aliyejifungua. Wiki ile lori halikuja, ndiyo maana Yuster akaenda bombani. Lakini lingekuja tena. Mtu akiondolewa kazini, halitakuja.

Jumatano asubuhi Bwana Safari wa halmashauri alifika na baiskeli, hakushuka. "Kepteni, mkaguzi anakuja Alhamisi kutoka Dar es Salaam. Anataka maelezo yako kwa maandishi. Andika vizuri, maana na mimi wananiuliza makopa yalifikaje kwenye uwanja wa serikali."

"Uliyala," alisema Isabela kutoka jikoni. "Mwaka jana nilikupimia debe."

Bwana Safari akacheka kidogo, akakanyaga pedali.

*

Mchana wa siku hiyohiyo pikapu ilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mwanaume wa miaka kama arobaini, shati jeupe, mistari ya njano mabegani. Akashusha madumu mawili ya maji na mfuko wa sukari, akayaweka mlangoni, akasimama wima.

"Shikamoo, Afande Mwalimu."

Kepteni alikuwa kwenye kiti chake cha kamba. Alitega sikio, kisha uso ukalainika. "Marahaba. Halfani. Bado unaanza kusema kabla hujasimama sawasawa."

Yuster alimtazama mgeni. Hilo jina alilisikia tangu utotoni. Baba yake alikuwa mtoto wa mwalimu wa dini wa Lulindi, akachukuliwa jeshini, akapelekwa China kujifunza urubani, na aliporudi hawakumpa vita wala safari za wakubwa, walimpa vijana awafundishe. Alifundisha miaka kumi na minane. Vijana aliowapeleka angani kwa mara ya kwanza aliwakumbuka wote kwa majina na kwa makosa yao, na Halfani ndiye aliyemtaja kuliko wote. Na Halfani huyu ndiye aliyekuwa rubani wa ile ndege ya pili. Jumatatu alikuwa amepanda gari la tajiri wake na kwenda Masasi bila kumsogelea mzee.

Isabela alitoka, akaamkiwa, akaitikia, macho yake yako kwenye madumu. Alijaribu kungoja kidogo, kwa heshima. Halafu akayachukua, moja mkono huu moja mkono ule, akaingia nayo ndani. Akasikika akimimina kwenye mtungi.

"Ni ya Ndanda," alisema Halfani. "Huko chini maji yapo."

"Asante," alisema Kepteni. "Kaa."

Walizungumza habari za watu wa zamani, nani amekufa, nani amenunua basi. Kisha Halfani akapangusa magoti.

"Mwalimu, kampuni wamesema nikionekana na kosa nirudishe funguo za nyumba. Nina watoto watatu, na mama yao ni wa kujifungua mwezi ujao."

"Ulizunguka?"

"Upepo ulikuwa—"

"Sijauliza upepo. Kabla hujatua, uliuzunguka uwanja?"

Halfani alitazama chini. "Sikuzunguka. Tajiri aliona ndege ya mwenzake imeshatua, akaanza kunipiga bega. Shuka, shuka, huyu atatutangulia ghalani. Ndivyo walivyo sasa, Mwalimu. Anayefika mwisho anakuta magunia yamekwisha."

"Na tajiri ndiye rubani?"

"Tajiri ndiye anayelipa mafuta."

Kepteni akatikisa kichwa polepole. Halfani akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imepigwa chapa, akamwelekezea. "Nimeandaa hii, isikusumbue. Inasema nilizunguka mara moja, nikaona uwanja mtupu, nikashuka. Basi. Neno moja tu hilo. Nikiwa nimezunguka, litabaki suala la kengele, na kwa kengele watakuonya tu. Wewe ni Kepteni. Nani atamfukuza mtu kama wewe kwa ajili ya rimu?"

Kepteni alinyoosha mkono, akaipata karatasi mara ya pili, akampa Yuster. "Soma."

Yuster akasoma. Alisoma kwa sauti ya darasani, kwa sababu hakuwa na sauti nyingine ya kusomea. Alipomaliza aliona kwamba mgeni hamtazami yeye. Anamtazama baba yake machoni, ameinama mbele kidogo, kama mtu anayechungulia kisimani.

"Mwalimu. Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

Kuku aliingia, akadonoa sakafuni, akatoka.

"Sitasema," alisema Halfani. Na wote waliomo wakajua kwamba kutosema huko nako kumeshawekwa mlangoni, pamoja na sukari na maji.

"Mwaka ule uliniandikia," aliendelea kwa sauti ya chini. "Sijasahau. Wala mke wangu hajasahau, nimemweleza. Niandikie tena, Mwalimu. Mara hii moja."

Isabela alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, kata ya maji mkononi.

"Njoo kesho uwanjani," alisema Kepteni hatimaye. "Utasikia nilichoandika."

*

Hakikuandikwa kirahisi. Alfajiri ya Alhamisi Yuster alikaa na daftari magotini, kalamu mkononi, na wazazi wake wakabishana juu ya kichwa chake.

"Mimi nasema hivi," alisema Isabela, akipepeta mchele ambao hauna chuya. "Ukisema alizunguka, unajimaliza mwenyewe. Sikubali. Ukisema huoni, unajimaliza vilevile. Basi sema ukweli ulio wako. Kijana hakuzunguka. Mwenyewe kakiri. Macho yako yamo wapi humo? Nani amekuuliza habari za macho?"

"Mkaguzi atauliza, ulijuaje kwamba hakuzunguka."

"Sema uliona."

"Sikuona, Mama Yuster."

"Yuster aliona."

"Na kwa nini ndege aione Yuster, mtunza uwanja asiione?"

Isabela akaweka ungo chini. "Kwa hiyo tukanywe heshima yako. Ijumaa lori likipita bila kusimama, nitawaambia watu waje na vikombe, Kepteni atawamiminia heshima."

Yuster aliinamisha kichwa. Hakumpenda mama yake wakati ule, na alijua kwamba mama yake ana haki. Yuster mwenyewe ndiye aliyekuwa anarudi kutoka bombani saa sita ndoo imejaa nusu.

Kepteni hakukasirika. Alianza kusema, na ilionekana anamwambia binti yake zaidi kuliko mkewe. "Halfani alikuwa na miezi minne ya mafunzo. Nilikuwa nyuma yake kwenye kiti cha mwalimu. Nilimwambia azunguke tena, upepo umegeuka. Akashuka tu, alitaka kunionyesha. Gurudumu la mbele likavunjika, pangaboi ikapinda. Ilikuwa afukuzwe siku ile ile. Alikuwa yatima, analia kama mtoto. Nikaandika kwamba usukani ulikuwa mikononi mwangu."

"Ndiyo maana hukupanda cheo," alisema Isabela. Alisema bila hasira. Hilo walikuwa wameshaligombania likachakaa.

"Cheo si kitu. Miaka kumi na mitatu nilijisifu moyoni kwamba nilimwokoa kijana. Jumatatu nilipoambiwa ni ndege ya nani, nikasimama pale uwanjani nikaelewa. Nilimfundisha kuzunguka, halafu kwa karatasi ile nikamfundisha kwamba hata usipozunguka, yupo mtu atakuandikia." Alipapasa mkono wa kiti. "Wanawake kumi na wawili walikuwa wanaanika, Yuster. Ungechelewa kidogo tu."

"Sasa andika," alisema Kepteni. "Mimi, Kepteni mstaafu Cuthbert Mchopa, mtunza uwanja. Nukta hapo."

Yuster akaandika. Mara mbili baba yake alimwambia kata, anza upya. Isabela aliendelea kupepeta mchele uleule, lakini baba alipotafuta neno na kulikosa, mama ndiye aliyempa.

*

Mkaguzi, Bwana Fortunatus, alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, aliyepima kila kitu kwa hatua. Alipima kutoka rimu mpaka njia ya kurukia, akapima kutoka pale ndege ilipokuwa imesimama mpaka alama ya matairi, akaokota kipande cha kopa, akakinusa. Bwana Safari alimfuata nyuma akisema, "Ndiyo, mkuu," hata pale alipokuwa hajaulizwa. Halfani alisimama kando, mikono nyuma. Akina mama wa mikeka walikaa mbali kwenye kivuli cha mkorosho, na Bi Stamili alikuwa mbele yao, maana leo alitaka kuona kweli.

"Maelezo," alisema mkaguzi. Kepteni akampa Yuster daftari.

"Asome mwenyewe," alisema mkaguzi.

"Hawezi, bwana," alisema Yuster. "Imeandikwa humo kwa nini."

Akasoma. Kwamba mtunza uwanja haoni mbali tangu mwaka juzi na amelificha jambo hilo. Kwamba aliyekuwa akitazama ndege ni binti yake. Kwamba Jumatatu alipiga mapigo mawili ya kurudi bila kujua kama angani kuna nyingine, kwa mazoea, na injini ya ndege ya kwanza ilimzuia kusikia ya pili. Kwamba mapigo matatu yalipigwa na binti yake, yamechelewa. Kwamba rubani hakuzunguka uwanja, na rubani huyo alifundishwa kuzunguka na yeye mwandishi, na kwamba yeye mwandishi miaka kumi na mitatu iliyopita aliandika maelezo ya uongo kumficha rubani huyo huyo kwa kosa hilo hilo.

Bwana Safari aliacha kusema ndiyo mkuu. Halfani alikuwa anatazama ncha za viatu vyake.

Mkaguzi alisogea mbele ya Kepteni, akainua mkono. "Vidole vingapi hivi?"

Yuster alihisi uso unamwaka. Mtu huyu aliyekuwa akitua usiku kwa taa za mafuta anaulizwa vidole kama mtoto anayeandikishwa shule. Vilikuwa vitatu. Yuster angeweza kukohoa mara tatu.

"Sitabahatisha, bwana," alisema Kepteni. "Sivioni."

Mkaguzi akashusha mkono taratibu, kama aliyeona aibu nao. Akamgeukia Yuster. "Wewe. Umesoma mpaka la ngapi?"

"La saba."

"Siku ile upepo ulitoka wapi?"

"Bondeni. Ule mfuko ulikuwa umelala huku." Akaonyesha. "Ya kwanza ilitokea upande wa mjini ikautazama upepo, ikatua vizuri. Ya pili ilitokea bondeni, upepo unaisukuma mgongoni. Ndiyo maana ilipita kibanda ikiwa bado ina mwendo, na matairi yakaanza kugusa pale kwenye kipande cha Mama Sultani. Angezunguka angeingilia upande ule mwingine, na angetuona."

Mkaguzi aliandika muda mrefu. "Nani amekufundisha?"

Yuster hakuelewa kwa nini anaulizwa. "Baba huwa anauliza," alisema. "Mimi namjibu."

"Kuna kingine?"

"Kuna mwisho," alisema Yuster, akafungua ukurasa wa pili. Sauti ilimpungua, kwa sababu hapo alikuwa anajisoma mwenyewe. "Naomba kazi ya kutunza uwanja apewe binti yangu Yuster, ambaye ameifanya kwa mwaka wa pili bila malipo. Naomba pia akina mama wasinyimwe mahali pa kuanika, maana wao ndio wanaong'oa majani."

"Hilo si langu," alisema mkaguzi. "Nitalifikisha." Akachana kurasa zote mbili, akazikunja, akaziweka kwenye mkoba.

Walipoondoka kuelekea gari, Halfani alibaki. Yuster alidhani atasema neno baya. Alisimama mbele ya kiti cha Kepteni, visigino pamoja, akainua mkono kwenye paji la uso, akakaa hivyo. Kepteni alikuwa ametazama pembeni, kuelekea sauti ya gari. Kisha Halfani akageuka, akaenda.

"Baba, amekupigia saluti."

"Nani?"

"Halfani."

Kepteni alifikiri kidogo. "Alisimama sawasawa?"

"Sawasawa."

*

Barua ya kumwondoa Kepteni kazini ilifika kwa siku sita. Hata posta ya Newala ilishangaa. Ilisema pia rubani amesimamishwa hadi mvua zipite. Juu ya ombi haikusema kitu. Ijumaa lori la maji lilipita mbele ya kibanda, dereva akapunga mkono kwa huzuni, hakusimama. Isabela hakuwaita watu na vikombe. Alichukua ndoo, akaenda mwenyewe bombani, na Bi Stamili alipoanza kueleza jinsi mkaguzi alivyomtoa Kepteni jicho kwa kidole, Isabela alimwambia, "Stamili, sogea mbele, foleni inakwenda."

Lakini ndege hazikuacha kuja, maana msimu ulikuwa umepamba moto, na mtunza uwanja mwingine hakuletwa. Yuster aliendelea kuamka kabla ya jua. Mapigo mawili sasa hakuyapiga mpaka ametazama pande zote nne, kisha akatazama tena. Wanawake walingoja bila kunung'unika, mikeka imekunjwa kwapani. Kepteni alikaa kwenye kiti chake nyumbani. Akisikia matatu alihesabu kwa kidole kwenye goti, akingoja mawili.

Na kila Ijumaa alimtuma binti yake ofisi za halmashauri kuulizia barua ya lile ombi. Karani wa pale, Paulina, alikuwa mwema. Mara ya kwanza alimwambia haijafika. Mara ya pili, imefika, iko kwa mkuu. Mara ya tatu, mkuu yuko semina Mtwara. Mara ya nne alimpa kiti.

Ijumaa ya tano Yuster alivaa viatu. Alikuta watu watatu mbele yake, akangoja. Zamu yake ilipofika, Paulina alikuwa anafunga faili kwa kamba.

"Shikamoo, dada Paulina."

"Marahaba, Yuster. Za nyumbani?"

"Salama. Nimekuja kwa lile ombi letu. La uwanja."

Paulina alinyanyua uso. Kulikuwa na kitu anachotaka kusema, kizuri au kibaya haikujulikana. Alifungua droo, akaanza kupekua karatasi, moja baada ya nyingine, akilamba kidole.

Yuster akaisikia kabla ya mtu yeyote mle ndani. Ilikuwa mbali bado, upande wa bondeni, nyembamba kama nzi kwenye chupa. Akageuza kichwa kwa namna ambayo baba yake alikuwa akigeuza. Jana usiku kulikuwa na umande uliolowesha makopa, leo wanawake wote walikuwa wameanika.

"Ngoja," alisema Paulina, mkono bado uko ndani ya droo. "Ngoja kidogo, Yuster, hapa—"

Yuster alikuwa ameshavua viatu. Alivishika mkononi, akatoka mlangoni, akakimbia.